Kuku wa Mama Nambozo Hawahesabiwi

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata ya arusi yangu, na arusi yangu ilikuwa nzuri, watu walikula mpaka wakalala kwenye majamvi. Ni asubuhi, hapa Nakaloke, jua limechomoza baada ya mvua. Jirani yangu Mama Nambozo amesimama uani kwake na tenga mkononi, anawafunika kuku wake kama mtu anayeficha mali asiporwe. Mbele yake wamesimama vijana wa chuo kikuu, na mmoja wao ni mjukuu wangu Zaituni, amesawijika uso. Lakini ngoja, nimeanzia mkiani. Nirudi kichwani.

Zaituni alikuwa mwaka wa pili chuoni. Likizo ilipofika nilidhani atakuja tupalilie maharagwe. Akaniambia amechaguliwa kwenda Jinja, kwenye shule ya kiangazi, ambako vijana wa vyuo mbalimbali hufundishwa sayansi ya data na hiyo wanayoiita akili bandia. Nikamuuliza, kiangazi gani, mbona mvua inanyesha mpaka bata wangu wamechoka? Akacheka, akasema jina hilo limetoka ng'ambo, wenzetu wana majira yao. Nikamwambia nenda, mradi wanawalisha.

Waliwalisha vizuri. Kila jioni alinipigia simu kunisifia samaki wa Jinja, na katikati ya samaki akinitupia kipande cha elimu. Mimi darasa la pili nililiona kupitia dirishani tu, lakini hili nililishika: mashine haizaliwi na akili. Unaionyesha picha nyingi, na kila picha unaiambia hiki ni hiki, kile ni kile, mpaka inazoea. Nikamwambia, basi ni kama nilivyokufundisha wewe habari za moto, tofauti ni kwamba mashine hailii.

Ikafika wakati kila kundi lichague shida moja ya nyumbani kwao na kuitafutia dawa. Kundi la Zaituni likachagua kuku. Unajua kuku wetu hutembea. Mwewe yupo, mwizi yupo, na mtu hugundua kuku wake hayupo wakati mwenzake ameshamaliza supu. Wakasema watatengeneza programu ya simu: unapiga picha ya uwanja wakati wa kuwamwagia mahindi, inakuambia kama wametimia. Wazo zuri. Ila picha walizozipata mtandaoni zilikuwa za kuku weupe wa mabanda makubwa ya ng'ambo, wanafanana kama vipande vya sabuni. Mashine iliyosoma kwa picha hizo ilipoonyeshwa kuku mwekundu wa kwao Isabirye, kijana wa Jinja aliyekuwa kwenye kundi hilo, ikasema ni paka.

Zaituni ana mdomo kama bibi yake. Akawaambia wenzake wasihangaike, kwao Nakaloke kuku wapo wa kila rangi na majirani wote wanampenda. Mwalimu wao, mama mmoja mpole lakini hana mchezo, akamruhusu yeye na Isabirye waje huku siku chache. Akawaonya kwamba wasiporudi na picha zenye maelezo, siku ya kufunga watakaa na wageni kutazama wenzao wakionyesha kazi. Ndiyo maana nasema alikuwa ameibeba heshima ya kundi zima.

Niliwapeleka mwenyewe kwa Mama Nambozo, maana mimi nafuga bata, na bata si kuku hata ukimwombea. Huyu mama ni mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikipata kambini, kwa hiyo hata akikutakia heri utadhani unakamatwa. Lakini moyo wake ni asali. Alitupokea, akatupa karanga. Isabirye akamsalimu kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, nikajisemea kijana huyu kalelewa. Kisha akatoa simu, akanyoosha kidole kwenye kuku, akaanza kwa sauti ya mwalimu wa paredi: moja, mbili, tatu.

Mwanangu, huku kwetu mtu hahesabu kuku wa mwenzake kwa sauti. Wala ng'ombe wake, wala, Mungu apishe mbali, watoto wake. Wazee walisema unachokihesabu unakitangaza, na balaa lina masikio. Amini, usiamini, hilo ni lako. Isabirye mwenyewe alilijua, maana kwao Busoga, huko Jinja, ni vile vile, bibi yake angemchapa. Ila mtu akishika simu nzuri husahau alikolelewa.

"Wewe kijana," Mama Nambozo akasema, wala hakupaza sauti, "nani alikutuma kuhesabu kuku yangu? Wewe ni mtu ya kodi?"

"Hapana, mama. Ni ya data."

"Huyo Data ni nani? Mwambie akuje yeye mwenyewe."

Ndipo akachukua lile tenga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni wa kuku naye hakosi yake. Habari zikaruka ua hadi ua, na kabla jua halijafika utosini hapakuwa na kuku hata mmoja anayetembea mtaani kwetu. Bata wangu wakabaki peke yao barabarani, wanajiuliza kama ni Idi.

Tulirudi nyumbani. Zaituni akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akasema harudi Jinja. "Nitawaambia nini, jaja?" Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Niliwaapia." Isabirye akasema atalibeba yeye kosa, Zaituni akamjibu kwamba kosa unaweza kulibeba, picha utazibeba kutoka wapi? Mimi nilikuwa namenya matoke, na mikono yangu ikishika kazi mdomo hutafuta yake. Nikawasimulia la bibi yangu.

Nilikuwa msichana mdogo. Nyumbani kulikuwa na maulidi, wageni wamejaa, nami nikatumwa kujua sahani ngapi zitolewe. Nikasimama mlangoni na kidole changu, moja, mbili, tatu, kama huyu Isabirye. Bibi akakishika kile kidole, akakikunja taratibu kwenye kiganja changu. Akaniambia, "Hao ni watu, si nguzo za ua. Nenda ukawasalimu, urudi uniambie ni nani na nani." Nilikasirika, nikaona ananipotezea muda. Nikazunguka nikisalimia, nikarudi jikoni nikitaja: yuko shangazi Mariamu, yuko mzee wa Busiu, yuko mke wa fundi baiskeli. Kwa kila jina bibi akitoa sahani, lakini mwanangu, sahani hazikufanana. Mzee wa Busiu hana meno, akatiwa mchuzi mwingi na nyama laini. Mke wa fundi ananyonyesha, akaongezewa. Shangazi Mariamu pilipili inamtoa machozi, yake ikatengwa. Kidole changu kingeleta sahani za kutosha, na chakula kingewashinda watu.

Nilipomaliza, Zaituni aligeuka kwenye kigoda. Alikuwa anamtazama Isabirye.

"Hivi sisi tunahitaji idadi?" akamuuliza.

"Tunahitaji kila kuku achorewe kisanduku kwenye picha, na kiandikwe ni nini. Kuhesabu visanduku ni kazi ya mashine, baadaye."

"Kwa hiyo pale ulikuwa unahesabu nini?"

Isabirye akakuna kichwa. "Nilitaka nionekane najua kazi."

Nilimpenda kijana yule kuanzia hapo. Wapo wazee wameingia kaburini bila kusema hivyo.

Asubuhi iliyofuata walikwenda tena, simu zikiwa mfukoni, wamebeba sukari. Zaituni akapiga magoti. Akasema wamekuja kuwasalimu kuku, maana jana walipita bila kuwasalimu. Mama Nambozo akamtazama muda mrefu, midomo ameibana, nami najua mdomo ule ukibanwa hivyo ni kicheko kinatafuta njia. Akaenda kufungua kimlango cha banda. Kuku wakaanza kutoka mmoja mmoja, naye akawa anawatambulisha kwa kidevu, bila kidole.

Huyu ni Kishingo, hana manyoya shingoni, mama yake alikuwa hivyo hivyo. Huyu Mama Mkwe, analalamika kuanzia asubuhi na yai hatoi. Huyu mwenye manyoya yaliyosimama kama nywele za aliyeamka sasa hivi, ni Usingizi. Na jogoo yule, anayetembea kifua mbele na kazi hana, ni Afande. "Kama marehemu," akasema, akacheka mwenyewe mpaka akashika ukuta. Zaituni akaomba ruhusa ya picha. Akapewa. Isabirye akawa anachora visanduku na kuandika majina, na kila alipokosea alirekebishwa, maana kumwita Kishingo Mama Mkwe ni kuvunja nyumba ya watu.

Kicheko nacho kinaruka ua. Jirani wa kwanza akachungulia, akauliza mbona kwake hawajafika, au kuku wake ni wa sura mbaya? Mpaka mchana mtaa mzima umefungua matenga, watu wanagombea zamu, na wasiowahi kuwapa kuku wao majina wanayatunga papo hapo. Mmoja alimwita wake Waziri, maana huonekana siku ya mahindi tu.

Siku ya kufunga walialika wazazi. Mimi na Mama Nambozo tulivaa gomesi zetu tukaenda Jinja. Ukumbi umejaa, vijana wa makundi mengine wanaonyesha mashine za kusoma majani ya mihogo na mengine sikuyaelewa, nikapiga makofi tu, makofi hayana darasa. Zamu ya Zaituni ikafika. Mtoto wa Mama Nambozo aliyebaki nyumbani alipiga picha ya uwanja asubuhi ile ile, akaituma. Ikatokea ukutani, kubwa: kuku wa Nakaloke, kila mmoja na kisanduku chake na jina lake. Mama Nambozo akanishika mkono kwa nguvu.

Mwalimu akauliza, "Na idadi iko wapi?"

"Mashine inayo, mwalimu," Zaituni akajibu. "Tumeificha. Mwenye kuku hataki kujua ni wangapi. Anataka kujua nani hajarudi."

Akabonyeza. Ukutani yakatokea maneno: Kishingo haonekani.

Ndipo Mama Nambozo akasimama na Kiswahili chake cha kambini, watu wakamgeukia. "Huyo hakuibiwa. Analalia mayai nyuma ya stoo. Hiyo mashine imesema kweli."

Mwanangu, ukumbi ulicheka mpaka mwalimu akavua miwani kufuta macho. Kazi zilipopangwa kwa ubora, kundi la Zaituni halikuwa la kwanza, nisikudanganye, wa kwanza walikuwa wale wa mihogo. Lakini mwalimu alimwita Zaituni mbele, akawaambia wote kwamba darasa jipya likija, kabla ya mtu kukusanya chochote kwa watu, huyu binti atawaeleza namna ya kubisha hodi. Mjukuu wangu aliyesema harudi Jinja! Isabirye alipiga makofi kuliko mimi, na mimi nilipiga mpaka bangili ikakatika.

Basi wewe unayesoma, uliye na kompyuta mgongoni na dunia kiganjani, mimi sikukatazi kuhesabu. Hesabu. Mashine hizo ni zenu, nasi tunazifurahia. Lakini mwacha mila ni mtumwa, na ukiingia uani kwa watu na kidole mbele, utatoka na tenga lililofunikwa. Tanguliza salamu. Uliza wanavyoviita vyao, na wanachokiogopa, na wanachotaka kujua wao, kabla ya unachotaka kujua wewe. Ukikosea, sema kama Isabirye, upesi, bila kuzunguka, kisha rudi na sukari. Watu hawamfungii mlango aliyerudi kwa adabu.

Mungu akupe elimu isiyokuondolea haya, akujaalie majirani wanaokuitia zamu, na popote utakapofika, Jinja au mbele ya Jinja, awepo mtu anayekujua kwa jina na kuuliza kwa nini hujarudi. Amin, na amin tena.