Bukari ndani ya radiateri

Tangu habari itufikie kutoka Sakania kwamba mama mkubwa, dada yake mama, amekataa chakula na anamuulizia mdogo wake tu, mama alikuwa amefunga mkoba wake na kuuweka karibu na mlango. Nilimwambia tutaondoka Jumamosi. Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisikia ahadi hiyo, na alikuwa na haki. Mara tatu nilikuwa nimeahirisha safari ya Sakania, na mara zote nilisingizia jeep aliyotuachia marehemu baba. Leo ina moshi, kesho magurudumu mabovu. Ukweli ni kwamba niliionea uvivu ile barabara ya vumbi.

Alhamisi nilimpeleka mama kununua dawa za mgonjwa, ili pia niijaribu jeep. Tulipofika mtaa wa Golf sindano ya joto ilipanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti, na midomo ya mama ikaanza kusali. Mimi sikusali. Nilimtukana fundi.

Fundi mwenyewe ni mzee wa asili ya Maniema, ana gereji mtaani Kamalondo, na miezi michache nyuma alikuwa ameichomelea radiateri yetu, yaani rejeta ya kupozea injini, ilipotoboka. Injini ilipopoa nikajaza maji, tukajikongoja hadi kwake, tukisimama kila baada ya mitaa miwili. Nilimkuta akitawadha kwa sala ya alasiri. Sikungoja amalize. Nilimwambia kazi yake ni ya ovyo, kuna mgonjwa Sakania, na mama yangu asipomkuta dada yake hai, lawama ni yake yeye fundi. Alimaliza miguu, akaenda kusali, akarudi, akaniuliza kama nimekula.

Hakugusa kifuniko cha radiateri mpaka alipoufinya mpira wa maji wa juu na kuhakikisha umelegea. Kisha akafungua kizibo cha chini. Badala ya maji ukatoka uji mzito wa kijivu, ukadondoka kwenye beseni vipande vipande. Aliuchukua kidogo kwa kidole, akaunusa.

“Mwana yangu,” alisema, “humu mu radiateur banapika bukari.”

Bukari, kwa asiyekula kwetu, ni ugali. Nikawaka upya, nikataka kujua ni nani kwenye gereji yake aliyenichezea vile. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na mkoba wake magotini, alijibu bila kunitazama.

“Ni miye njo nilitia bunga. Niliona mayi inatona chini ya motokari. Papa yako alikuwa anafanyaka vile mu njia. Niliogopa utaiona, utasema tena hatuende.”

Ni kweli baba alikuwa akifanya hivyo akikwama njiani: konzi moja ya unga, tundu linaziba, gari linafika nyumbani na kusafishwa siku ileile. Mama alikuwa ametia bakuli zima, asubuhi mbili mfululizo, mimi nikiwa nimelala. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana unga ule ulikuwa na sababu, na sababu ni mimi. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nilimwomba fundi msamaha. Alisema hasira hasara, kisha akanionyesha kwamba mchomeleo wake ulikuwa mzima. Palipovuja ni upande wa pili. Akanionyesha pia vijibomba vya ndani, vimeziba nusu kwa chokaa ya maji ya bomba niliyokuwa nikijaza miaka yote. Mama alimalizia tu nilichokianza.

Yetu haikufaa tena, na za plastiki alizikataa. Alitafuta ya shaba, iliyotoka kwenye jeep kuukuu iliyokuwa ikifanya kazi upande wa mgodi wa Kinsevere, kwa sababu, alisema, shaba ikiumia unaweza kuiponya. Ijumaa aliisafisha injini mpaka maji yakatoka meupe, akaifunga radiateri, akajaza ile dawa ya kijani ya kupoza injini, akaiacha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yakaisha. Sindano ilifika katikati ikakaa. Mama aliniuliza kama hapo ndipo panapotakiwa. Nikamwambia ndipo.

Jumamosi niliitazama sindano kuliko barabara. Vumbi, mashimo, milima, yenyewe katikati. Nilifurahi, nikaanza hata kuimba, mama akaniomba ninyamaze.

Mama mkubwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, amekonda, lakini macho yake yalituona tangu getini.

“Ulikawia,” alimwambia mdogo wake.

“Yaya,” mama alimjibu dada yake, “nilikuwa napika bukari.”

Akamsimulia yote, bila kunificha. Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, akapangusa macho.

“Basi mupike ingine,” alisema. “Nitakula.”

Mama alitaka kuinuka. Nilimwambia akae na dada yake, unga nitautia mimi.