Kisogo cha Shemasi Alvester

Alvester Dozier ndiye mtu pekee katika mji wa Tolliver, Alabama, aliyepata umaarufu kwa kisogo. Wenzake walisifiwa kwa sauti nzuri, kwa ngumi, kwa watoto waliosomea udaktari. Yeye alisifiwa kwa upande wa nyuma wa kichwa, na kwa miaka thelathini upande huo ulimlisha vizuri.

Kisogo chenyewe kilikuwa kwenye picha. Mei 1963 watoto Weusi wa Tolliver walitoka madarasani wakaandamana hadi mahakamani, kudai wazazi wao waruhusiwe kujiandikisha kupiga kura. Mpiga picha wa gazeti alisimama nyuma yao, kwa hiyo zilionekana sura za polisi wanne wenye virungu, migongo ya watoto kumi na mmoja, na katikati kijana mrefu aliyevaa kofia ya pama.

Kofia ilikuwa ya Alvester. Hilo ni kweli tupu. Kichwa ndicho kisichokuwa chake.

Kichwa kilikuwa cha binamu yake Lucius, aliyeiazima kofia asubuhi ile kwa sababu ya jua. Lucius alilala jela siku sita, akafukuzwa shule, akahamia Detroit kuunda magari, akafia huko. Mwaka 1984 kanisa lilipoitundika picha ile ukumbini, mama mmoja wa kwaya alipiga kelele: "Jamani, hiyo si kofia ya Alvester?" Watu wakamgeukia na kumpigia makofi. Alvester alikuwa na kuku wa kukaanga mdomoni. Alipomaliza kumeza, alikuwa shujaa.

Tangu hapo akapewa ushemasi. Kinyozi hakumtoza senti. Alimnyoa shingo taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye sanamu. Na kila Februari, mwezi wa historia ya Weusi, Alvester aliitwa maktaba ya shule awasimulie watoto maandamano yale. Alikuwa na mchezo wake: anavaa pama, anawageuzia mgongo, watoto wanalinganisha na picha na kushangilia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsumbua, Earlene, dada yake Lucius, aliyekuwa bado ananyonya wakati wa maandamano. "Kaka Alvester, Lucius wangu yuko wapi hapa?" Naye humjibu, "Mbele kidogo, kazibwa na yule polisi mnene." Earlene akanunua kioo cha kukuzia.

Februari ya 2014, Bi Renita, mkutubi, aliwaletea watoto wa darasa la tano picha mpya: ileile, lakini nzima. Gazeti lilikuwa limeikata upande wa kushoto ili ienee kwenye safu, na filamu yake ilikuwa imeonekana majuzi stoo. Bi Renita alikuwa na utaratibu wake. Picha hufunikwa kwa kadi nne, kisha hufunuliwa robo moja moja.

"Hakuna kukisia," alisema. "Mnataja mnachokiona."

Jamyra, msichana mwenye miwani, alifunua robo ya kushoto. "Kuna kijana kasimama kwenye kibaraza cha duka. Ana soda. Haandamani, anaangalia tu."

"Cheki masikio!" akadakia Deshun. "Upepo ukivuma huyu anapaa!"

Darasa likacheka. Alvester aliishusha pama yake mpaka ikagusa nyusi.

"Mzee Alvester, unamjua?" Jamyra aliuliza.

Alikuwa na sekunde mbili za kuwa mtu mzima. Akazipoteza zote mbili.

"Huyo ni binamu yangu. Lucius."

"Mbona hakuja na nyinyi?"

"Aliogopa."

"Mwoga mkubwa!" Deshun alisema. "Wenzake wanakamatwa, yeye anateremsha soda!"

"Deshun, matusi tumeyaona wapi kwenye picha?" Bi Renita alimkemea. "Jamyra, andika kadi yake. Jumapili kanisa zima linakuja kuziona. Bi Earlene kaniambia atakaa mbele."

Jamyra alikaza ulimi pembeni mwa mdomo, akaandika kwa kalamu nene: LUCIUS DOZIER. ALIOGOPA. Akaibandika chini ya yale masikio.

Alvester aliisoma. Kumwibia marehemu kisogo alikuwa ameshazoea, lakini sasa alikuwa anamvisha na uso wake mwenyewe.

"Futa," alisema.

"Haufutiki, ni wino."

"Basi bandua. Mwenye kofia ndiye Lucius. Mwenye masikio ni mimi."

Deshun alisogea karibu amkague. "Mwaka jana dada yangu alisema uligeuka ukawaonyesha kichwa."

"Niliwaonyesha."

"Sasa hicho kichwa ni cha nani?"

"Changu. Cha kwenye picha si changu."

"Ulidanganya kichwa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Jamyra alikuwa bado ameshika kalamu. "Kwa nini hukuandamana?"

"Nilimwambia Lucius atangulie, nakuja. Akasema ananishikia nafasi. Nilimwona anageuka mara mbili kunitafuta. Nikajificha nyuma ya nguzo."

Hakuna aliyecheka, ingawa Alvester angeshukuru kama wangecheka. Bi Renita alimpa Jamyra kadi mbili safi, kisha akamtazama shemasi kama anavyowatazama wanaorudisha vitabu vilivyochanwa.

"Bi Earlene utamwambia wewe, au atasoma ukutani?"

"Nitamwambia mimi, leo."

Alikwenda na nakala ya picha chini ya kwapa, kichwa wazi, pama ameiacha maktaba. Earlene alimkaribisha jikoni kwa furaha, akaanza kumkatia keki ya viazi vitamu.

"Usinikatie, Earlene." Aliitandaza picha mezani, akaweka kidole kwenye kile kisogo. "Lucius ni huyu. Mimi ni yule wa dukani."

Kisu kilibaki katikati ya keki.

"Miaka thelathini," alisema Earlene polepole, "nimemtafuta mtoto wa mama yangu nyuma ya tumbo la polisi."

"Najua."

"Ulikuwa unaniangalia nikitafuta."

"Nilikuwa nakuangalia."

Earlene alivuta kiti, akachukua kioo chake, akainama juu ya kile kisogo kwa muda mrefu. Alvester alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Sogea huko," Earlene alisema bila kuinua kichwa. "Unanikingia mwanga."

Akasogea.