Wali wa Nazi Chini ya Mvule

Enzi zetu sie watoto wa Boko, kwenda kulala msituni kulikuwa sawa na kuhama nyumba. Baba alituahidi muda mrefu kwamba atatupeleka kwenye msitu wa nyuma ya Madale, tupande vilima na kulala ndani ya turubai. Mama alikubali kwa shingo upande: "Nitakwenda, lakini chakula changu hakibadiliki." Basi pikapu ikasheheni magodoro, mkeka, jiko la mkaa, nazi, hata ubani wa kufukiza kabla ya kulala.

Tulipanda vilima huku tukijikuna upupu na kuimba. Tukaukuta mvule mnene, watoto wote tukishikana mikono hatuuzunguki. Dada yangu Zuhura akaupigia hodi, Mama akajificha nyuma ya mti na kuitikia "karibu" kwa sauti nzito. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni Mama akafungua kapu, akalipekua hadi chini. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imebaki nyumbani. Baba akathubutu kusema wali mkavu nao ni chakula. Thubutu!

"Mie wali mkavu sili, baba Zuhura, hata kwa dawa. Kunjeni turubai turudi."

Nilitaka kulia. Shule nzima nilishaitambia kwamba nitalala msituni.

Baba hakubishana. Aliokota vizibo vya soda tulizokunywa mchana, akampa kila mtoto kimoja na kizio cha nazi. "Haya, kuneni!" Tukakuna kwa meno ya vizibo, vidole vinawaka moto, nazi inaruka hadi kwenye nywele. Mama alijikaza asicheke, akashindwa. Tui lilikuwa jepesi, wali ukanuka moshi, na sijapata kula mtamu kama ule. Tukalala tumebanana, mguu wa huyu mdomoni mwa yule, Baba akikoroma hadi bundi wakahama.

Watoto wa siku hizi sasa! Juzi nimewapeleka wanangu msitu uleule, kila mmoja na hema lake la zipu. Magharibi haijaingia, naulizwa, "Baba, huku mtandao hakuna, tutalalaje?" Nikakunja mahema mwenyewe. Usiku tulikuwa nyumbani, kila mtu chumbani kwake, mlango umefungwa, nami nimekaa sebuleni peke yangu, nikiwakumbuka wanangu ilhali tumo nyumba moja.