Nilipanga kwenda kufa ugenini, nikamwambia mke wangu naenda kutibiwa

Wakuu, salamu kutoka kwa mtu aliyekuwa Riyadh mpaka juzi juzi. Ninayoyasema yamenipata mwenyewe. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Nilikuwa Saudia kwa mkataba, chumba changu kikiwa mtaa wa Al-Shumaisi, Riyadh, mke na watoto wakiwa Morogoro.

Ilianza na bisibisi. Ikawa inaniponyoka mkononi. Nikalaumu baridi ya AC, nikalaumu umri.

Baada ya vipimo vingi daktari akaniambia ni ugonjwa wa neva. Misuli inakufa taratibu, mikono, miguu, mwisho kupumua. Dawa ya kuponya hakuna.

Sasa wakuu, mimi kazi yangu kubwa ilikuwa kutengeneza mashine za kupumulia. Nimeingia ICU nikawaona wanaozitumia. Kwa hiyo daktari alipokuwa anazungukazunguka kutafuta maneno laini, mimi nilishafika mwisho wa stori zamani.

Nikaanza kusoma. Kuna nchi ambako sheria inaruhusu daktari kumsaidia mgonjwa wa namna yangu kufa, akiomba mwenyewe. Nikajiambia halas, yaani basi, huko ndiko kwangu.

Mke wangu nikamwambia nimepata matibabu Ulaya. Alifurahi mpaka akalia.

Nilimgusia rafiki yangu mmoja tunayeswali naye. Hakuniacha nimalize. Akasema nisirudie maneno hayo, akaniombea dua, akabadilisha mada. Simlaumu, aliogopa. Lakini tangu siku ile nikafunga mdomo.

(Mimi ni Muislamu, najua dini inasemaje. Anayetaka kunikumbusha nimeshakumbushwa sana.)

Nesi mmoja Mkenya, wa hospitali niliyopimwa, ndiye aliyeniunganisha na grupu la WhatsApp. Watu wachache tu, Waswahili watupu, wote wana ugonjwa huu au unaofanana nao.

Grupu lile lina sharti moja la ajabu. Ukiulizwa habari yako, marufuku kujibu "nzuri".

Mnatujua sisi. Mtu nyumba inaungua, ukimuuliza habari anasema nzuri, salama, tunamshukuru Mungu, halafu ndiyo anaomba maji. Mule ndani unajibu ilivyo. Leo nimeshindwa kufunga kifungo. Leo nimepaliwa na uji. Leo nataka kufa.

Na ukisema hilo la mwisho hakuna anayekufokea. Wanakuuliza, kisha wanasikiliza.

Mwenye grupu ni Mama Zuhura, mama wa Mombasa anayeishi Jeddah na mumewe, maeneo ya Sharafiya. Yeye ameugua muda mrefu kuliko mimi. Nilipokwenda umra Makka nikapita Jeddah kumsalimia.

Nilimkuta kitini, mumewe anamlisha kwa kijiko. Maneno yake yanatoka polepole, lazima uinamie. Nikamwambia mpango wangu wote. Nilijua atanikataza, na nilikuwa na majibu tayari.

Akasema, "Kakangu, mimi n'shafikiria hayo kabla yako. Sikukatazi, wala sikutumi. Nataka kujua tu, wakimbia nini?"

Nikamjibu, mashine.

"Ushamuuliza daktari kama waweza kuikataa?"

Sikuwa nimeuliza, wakuu. Mashine nazijua mpaka nati ya mwisho, lakini sikuwahi kuuliza kama mgonjwa anaweza kusema hataki, akatunzwa tu asiumie wala asihangaike na pumzi.

Halafu akauliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia anajua naenda kutibiwa. Mumewe akaweka bakuli chini, akatoka chumbani.

"Basi hofu yako kubwa si mashine," akasema Mama Zuhura. "Ni kumwambia mkeo."

Nilitoka pale nimevurugika. Nikaingia mgahawa wa karibu, nikaagiza chai, nikampigia mke wangu.

Akaanza kama kawaida, habari za huko. Nikasema mbaya. Nikamweleza yote, na safari, na uongo.

Kisha akasema, "Kwa hiyo, Baba Salma, mimi ningekaa hapa nakusubiri upone."

Nililia mbele ya watu, sikujali.

Niliporudi Riyadh nilimuuliza daktari lile swali. Tulizungumza vizuri, mara ya kwanza kama watu wazima. Akasema mashine naweza kuikataa, nikatunzwa tu nisiumie. Nikaomba final exit, ile ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, nikarudi nyumbani.

Sitawadanganya kwamba nimepata amani. Kuna siku wazo linarudi, na likirudi nalisema grupuni, na nyumbani nalisema pia. Safari sikwenda. Mama Zuhura ametangulia, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Mungu amrehemu.

Nililojifunza ni hili. Mgonjwa akikwambia anataka kufa, usikimbilie kumnyamazisha. Muulize anaogopa nini, ukae usikie jibu. Na wewe unayelibeba wazo hilo kimya kimya, mtafute mtu leo, hasa aliyepita unapopita.

Vidole vyangu havibonyezi tena simu. Mimi nasema, mke wangu anaandika. Tulipofika pale pa kumdanganya nilimwambia aparuke akitaka. Hakuparuka. Aliandika neno kwa neno, akafuta macho, akaniuliza kinachofuata.

Karibuni mchangie, wakuu. Matusi pia tutayasoma, wote wawili.