Wakili Aliyepiga Magoti Barabarani

Wakili wa watu wa ajali hakuwa mtu wa kiti. Kila kesi aliifuata hadi pale damu ilipomwagika, na siku hiyo mjane alimkuta pale mumewe alipogongwa na lori, amepiga magoti, akipapasa alama za breki kwenye lami kama anayepima homa ya mtoto. Nyumba hata moja haikuonekana. Sauti ya wakili ilikuwa ya chini, na kabla ya kujibu lolote zito alifuta miwani kwa pindo la shati, iwe chafu au safi.

“Wakili, usinifiche. Mume wangu alikufa palepale?” Ndugu walimwapia hivyo, na ndicho kilichompa usingizi.

Miwani ikafutwa, ikafutwa tena. “Hapana, dada. Alipigania uhai hadi alfajiri. Mchunga mbuzi alimsikia akiita, akaogopa kusogea. Kesho atayasema mahakamani, na sikutaka uyasikie kule mbele za watu.”

Mjane akaketi kwenye kokoto. “Alikuwa akimwita nani?”

Wakili akainama, akalitaja taratibu jina la mahaba ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu. Mjane hakuwahi kumwambia mtu yeyote jina hilo.