Kwenye Kundi la Mume Wangu Mimi Ndiye Farasi Namba Sita

Admin, ficha jina langu, mengine yaache kama nilivyoandika. Nina miaka thelathini na sita, Mtanzania wa Morogoro. Naishi Jette hapa Brussels na mume wangu, Mkongo wa Lubumbashi, na kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Hatuna mtoto. Nimepoteza mimba mbili, zote zikiwa kubwa tayari, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo wanalolichekea.

Mume wangu ana kazi yake ya halali, ila anachojulikana nacho ni farasi. Kila asubuhi anajifungia bafuni na gazeti la mbio, anarekodi sauti na kuirusha kwenye kundi la simu la wanaume wenzake wanaochezea farasi karibu na stesheni ya Gare du Midi. Anawachambulia mbio za siku nzima: nani ana nafasi, nani wa kuachwa, nani amevuliwa viatu vyote vinne leo, maana yake wenyewe wamekuja kushinda. Wanamwamini kuliko wanavyowaamini wake zao. Sikuwahi kuomba kusikiliza, nilijua ni mambo yao, na saa hizo mimi niko kwenye tramu.

Juzijuzi tulialikwa Ixelles, kwenye mgahawa, rafiki yake mmoja alikuwa anamtoa mtoto mchanga. Nimekaa na sahani yangu ya sombe, kisamvu chao, mzee mmoja wanayemwita tonton, yaani mjomba, akaja kunipa mkono. "Bonjour maman numéro six," akasema. "Dimanche uliniokoa, minakushukuru." Meza nzima ikacheka. Mume wangu akainamia chupa yake.

Mke wa yule mzee, maman Solange, akanifuata kwenye korido. "Shi weye haukujua?" akaniuliza. "Bon, sikiliza mwenyewe." Akaniwekea simu ya mumewe sikioni, nikasikia sauti ya mume wangu, imechangamka kuliko ninavyoisikia nyumbani:

"Course ya tatu, numéro six, jument. Ataondoka muzuri, atakamata tête, mutasema ça y est. Alors mu virage ya mwisho anaharibu, disqualifiée. Ni sawa na bibi yangu ku nyumba. Anaanzaka muzuri, hafikake. Mumuache."

Kwa msiojua, jument ni farasi jike, virage ni kona, bibi kwao ni mke, na hizo ni mbio za farasi wanaokokota vigari. Hawaruhusiwi kutimka, ni kwenda mwendo uleule wa mchakamchaka mpaka mwisho. Akivunja mwendo anatolewa hata kama alikuwa mbele ya wote. Basi tangu siku hiyo kila jike lisilotabirika kundini linaitwa six, na mimi ndiye mwenye jina. Tonton alimwacha "six" wa Jumapili, kweli akatolewa, ndiyo maana alikuja kunishukuru kwa mkono wa heshima kabisa.

Nikamuuliza maman Solange hiyo sauti ni ya lini. Ni ya wiki ile niliyotoka hospitali mara ya pili. Mimi nimelala chumbani siwezi hata kukaa, na yeye ng'ambo ya ukuta anawachekesha watu. Huyo huyo aliyenishika mkono mbele ya daktari na kulia mpaka nikambembeleza mimi.

Nyumbani nilimkalia kooni. Akasema, "Mais chérie, sikutaja jina." Nikamwambia wote wanamjua mkeo. Akajibu, "Ni blague, utani tu. Bila ile ni numéro na numéro, batu banalala." Nikamtaka awaambie wakome, na aniombe msamaha mbele yao. Akaitikia vizuri sana. Kesho yake maman Solange akanitumia sauti mpya: "Six yetu amekasirika. Leo anakimbia na œillères." Hivyo ni vifuniko wanavyomvisha farasi machoni asione pembeni.

Mama yake alinipigia kutoka Lubumbashi, sijui nani alimpelekea habari. "Mwanangu, mwanaume anachekaka juu ya kuumia." Nikamjibu kwa adabu zote, mama, basi aumie kimya.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Nina mimba tena, na sijamwambia. Dawa nazificha kwenye kabati la kazini. Naogopa isije ikatoka, naogopa kila ninapoenda chooni, lakini ninachokiogopa zaidi ni wale wanaume wa kundini kukaa wanaulizana kama mara hii nitafika, na wengine kuwekeana dau. Nikifika watanunuliana bia. Nisipofika, watasema mchambuzi wao hakosei.

Jana asubuhi aliniona namwaga kahawa kwenye sinki. Harufu imenishinda. Alisimama pale mlangoni akanitazama, akaniwekea kiti. Nikajua ameelewa na ameamua kuninyamazia mpaka niseme mwenyewe. Nitawadanganya nini, nilimpenda tena kidogo. Nikapanga leo jioni nimwambie.

Leo nipo mapumziko, niko nyumbani. Ujumbe umeingia kutoka kwa maman Solange, bila neno lolote, sauti tu. Mume wangu anamaliza mbio za siku, halafu anasema, "Bandugu, kuko jument moja miye mwenyewe niko namufuata. Ameacha kahawa. Musiweke kitu juu yake kwanza, tuone kama atapita virage."

Wao wameambiwa kabla hajaniuliza mimi. Hivi ninavyoandika yuko jikoni ananikorogea uji, anapiga mluzi, na uji wenyewe unanukia vizuri. Nikaunywe, au nifunge begi? Mlio ndani ya ndoa nijibuni nifanye lipi, ila asitokee mtu wa kuniambia ni utani tu.