Tulivyokwenda Kahawa Sukari Kuuona Mshipa wa Baba Njeri

Tuliondoka Thika kwa sababu mume wangu, Baba Njeri, alikataa kutiwa mwilini kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Skani ilikuwa imeonyesha kwamba mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake umefura kama tyubu kuukuu. Ukipasuka, ni matanga. Daktari wa upasuaji alitaka kupitisha mrija wa kitambaa chenye waya ndani ya mshipa huo, ili damu ipite humo na ule uvimbe upumzike. Mpwa wetu Nyokabi, binti wa dada yake Baba Njeri, hufanya kazi na daktari huyo: yuko chuo kikuu, na shughuli yake ni kuonyesha kwa kompyuta jinsi damu itakavyopita kwenye mrija kabla mgonjwa hajaguswa kisu. "Basi twende nione," akasema mzee. Nikafunga viazi vya kuchemsha na chai ya chupa, maana watu wa kompyuta siwaamini kwa chakula.

Asubuhi tulitoka kwa gari, Probox ya jirani yetu Mutua, anayesambaza mayai hadi Ruiru. Baba Njeri alikaa mbele na koti lake la kanisani, akisimulia habari za mashamba ya mananasi kana kwamba Mutua hajawahi kuyaona. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimekumbatia trei ya mayai.

Tulipofika Gitothua, Mutua alisimama kushusha mayai dukani, na mzee wangu akaruka nje kumsaidia. Nikamdaka koti.

"Uliambiwa usibebe kitu kizito."

"Yai ni kitu kizito?"

"Mzee, kaa tu hapo," Mutua akamwambia. "Ukianguka na mayai yangu nitalia mara mbili."

Mzee alicheka, akakaa. Nilicheka pia, lakini niliogopa. Tangu siku ya skani, hata akipiga chafya moyo wangu unaruka.

Tulipofika Kahawa Sukari, mtaa anakokaa, Nyokabi alitupokea mlangoni kwake. "Sasa Anko! Karibu, Anti." Chumba kilikuwa kidogo, kompyuta ikiwa kubwa kuliko meza ya kulia. Kwenye skrini kulikuwa na kitu kilichojipinda kama mzizi wa kiazi kikuu, na rangi zikipita ndani yake, buluu, kijani, nyekundu.

"Hiyo ni mimi?" mzee akauliza.

"Ni wewe, Anko. Bila shati."

Akatueleza bila haraka. "Damu ikifika hii kona, kila moyo ukipiga inavuta mrija kuteremka. Ukiteleza, damu inarudi kwa uvimbe, na hapo ni noma. So swali ni moja tu: utashika?" Akabonyeza. Mshale wa ile nguvu ya kuvuta ulikuwa mfupi, na mrija ukatulia pale pale. "Umeshika. Wiki ijayo daktari anaweza kuendelea."

Baba Njeri alipiga makofi, akachukua kiazi. Mimi nikauliza presha ya damu aliyoitia kwenye hesabu ameitoa wapi.

"Kwa kadi ya kliniki, Anti. Ni poa sana, utadhani ni ya kijana."

Nikaweka kikombe chini. Mjue mume wangu. Kliniki ikikaribia, humeza dawa za presha siku mbili tatu, akaacha chumvi, na siku yenyewe akafika mapema akakaa kimya kwenye benchi. Muuguzi akishamsifu, dawa zinarudi kabatini mpaka safari nyingine. Watu hufagia nyumba mgeni akija. Huyu humfagilia muuguzi presha. Nikamweleza Nyokabi yote.

"Mama Njeri," mzee akasema polepole, "hayo ni mambo ya nyumba."

"Na mshipa uko nyumba gani?"

Nyokabi hakumkemea. Alitoa mashine, akampima, akangoja, akampima tena. Kisha akafungua hesabu nyingine, kwa kuwa wao hutayarisha za presha mbalimbali. Safari hii mshale ulirefuka, na pale juu mrija unaposhikilia pakawa pekundu.

"Hapa ungeteleza, Anko."

Mzee alitazama skrini, kiazi mkononi. "Ningekufa nikiwa na kadi safi," akasema.

Mchana Nyokabi alimpigia daktari. Upasuaji haukufutwa, ulisogezwa: dawa kila siku kwanza, nao wapige hesabu upya kwa mrija wenye vikulabu unaoshika juu zaidi. Nilitoka nje kidogo nikalia, nikarudi nikaosha vikombe.

Jioni Mutua alitupitia tukarudi Thika. Kufika, mzee alikwenda kabatini mwenyewe, akameza dawa kwa chai iliyopoa.

Nilichojifunza ni hiki: kompyuta ina adabu, huamini unachoiambia. Mke haamini, ndiyo maana inafaa wasafiri pamoja. Sasa mrija uko ndani na umeshika, na Baba Njeri amerudi kubishana na redio. Lakini ninachokumbuka zaidi ni siku ya kliniki kabla ya upasuaji. Alikuwa amemeza dawa na kula ugali wake kama siku zote, na kwenye benchi alipiga gumzo na kila mtu. Muuguzi alitazama mashine, akatazama kadi.

"Mzee, leo imepanda kidogo kuliko zamani."

"Ndiyo, Sista," akasema, akijinyoosha kitini. "Lakini hii ni yangu."